Fangasi Ndani ya Maji ya Kunywa: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya yanahusu maji ya nyumbani tunayoyajua Afrika Mashariki: ya bomba, ya kisima, ya mvua, ya boza na ya chupa. Kama nyumbani kwako kuna mgonjwa wa saratani, mtoto njiti au mtu ambaye kinga yake imeshuka sana, anza na swali la nne.

Kwani fangasi wanaishi majini? Nilidhani ni ugonjwa wa ngozi.

Fangasi ni ukoo mkubwa. Ukungu wa mkate, hamira, uyoga, wote wamo, na wanaoshambulia ngozi na kucha ni wachache tu katika ukoo huo. Wengi huishi kwenye udongo na majani yanayooza. Mvua ikinyesha, spora zao, yaani mbegu ndogo zisizoonekana kwa macho, husombwa hadi mtoni, bwawani na kwenye visima vifupi. Nyingine huja na upepo na kutumbukia kwenye tangi lenye mfuniko uliopasuka.

Hata Norway, nchi yenye mitambo mizuri ya maji, watafiti waliopima maji ya bomba walikuta ukungu wa jamii za Penicillium, Trichoderma na Aspergillus. Maji yaliyotoka mitoni na maziwani yalikuwa na ukungu zaidi kuliko yaliyotoka chini ya ardhi. Spora chache ndani ya glasi siyo ajabu, basi. Shida huanza fangasi wanapopata makazi: bomba kuukuu lenye utando ndani, tangi lisiloonja brashi tangu linunuliwe, chujio lisilobadilishwa. Hapo wanashika ukuta, wanazaana, na kila ukifungua koki unawachota kidogo kidogo.

Nikinywa maji yenye fangasi, nitaumwa?

Kama una afya njema, karibu hakika hutaumwa. Tunameza na kuvuta spora kila siku, kwenye chakula, kwenye vumbi, shambani, na mwili unazimaliza bila sisi kujua.

Nalisema hili mapema kwa sababu hofu ikikaa mahali pasipo pake inaua. Maji yanayoua watu wengi kwetu ni yale yenye kinyesi: kipindupindu, homa ya matumbo, kuhara kwa watoto. Kipindupindu kilichoanza Dar es Salaam Agosti 2015 kilienea karibu mikoa yote ya Tanzania na kuvuka hadi Zanzibar, na kilipita kwenye maji na chakula vilivyochafuliwa na choo. Mtu anayeacha kutia dawa ya klorini kwenye maji kwa sababu kasikia haiui fangasi wote, amefunga dirisha na kuacha mlango wazi. Kwanza ondoa vijidudu vya kinyesi. Fangasi wanafuata baada ya hapo.

Maji ya kisima ndiyo yanayonipa fangasi sehemu za siri?

Swali hili huulizwa sana, hasa na kina dada wanaoishi mabwenini na kwenye nyumba za kupanga zenye choo kimoja. Jibu fupi ni hapana, kwa kawaida siyo maji.

Fangasi wa ukeni kwa sehemu kubwa ni Candida, na Candida huishi tayari mwilini mwa watu wengi bila kuleta madhara. Huzidi pale mizani ya mwili inapoyumba: umemeza antibayotiki, una mimba, kisukari hakijadhibitiwa, kinga imeshuka. Kujiosha ndani kwa sabuni, dawa au maji ya chumvi huwaondoa bakteria wazuri na kumwachia nafasi. Ikiwa tatizo linarudi kila baada ya muda mfupi, usibadilishe kisima. Nenda kituo cha afya upimwe sukari na VVU, na uchafu wenyewe uchunguzwe, maana si kila muwasho ni fangasi.

Mapunye nayo hayatoki majini. Huenezwa kwa kichwa kugusana na kichwa, kwa mashine za kinyozi zisizosafishwa, vitana, kofia na mito.

Nani basi anapaswa kuwa na tahadhari?

Watu ambao mwili wao hauwezi kufanya ile kazi ya kila siku niliyoitaja. Wagonjwa wa saratani walio kwenye tiba ya kemikali, hasa saratani za damu. Waliopandikizwa figo au uboho. Watoto waliozaliwa kabla ya wakati. Watu wenye VVU ambao hawajaanza dawa au waliziacha, CD4, yaani chembe za kinga kwenye damu, zikashuka chini ya 200. Wanaotumia dawa za steroidi kwa muda mrefu. Wenye mapafu yaliyoharibiwa na kifua kikuu, kwa sababu Aspergillus hupenda kuota ndani ya tundu lililobaki pafuni hata baada ya TB kupona. Kwetu, ambako TB ni nyingi, kundi hili la mwisho linasahauliwa sana.

Oktoba 2022 Shirika la Afya Duniani, WHO, lilitoa kwa mara ya kwanza orodha ya fangasi 19 wanaohitaji kupewa kipaumbele. Wanne waliwekwa kwenye kundi la hatari zaidi: Cryptococcus neoformans, Candida auris, Aspergillus fumigatus na Candida albicans. Orodha hiyo haisemi kwamba wanaenezwa kwa maji ya kunywa. Cryptococcus, yule anayeleta homa ya uti wa mgongo kwa watu wenye VVU, huingia kwa kuvutwa na pumzi, kutoka kwenye udongo na kinyesi cha ndege. Ila orodha imewakumbusha wizara na mahospitali jambo lililopuuzwa: dawa za fangasi ni chache, na baadhi ya fangasi wameshaanza kuzizoea.

Kama koo siyo njia kuu, fangasi wa majini humpataje mgonjwa?

Kwa pumzi, kwa ngozi iliyochanika, na kwa mirija ya hospitali.

Maji yanapotoka kwenye bomba la mvua la bafuni hupasuka kuwa matone madogo mno yanayoelea hewani. Spora ikiwa ndani ya tone hilo, anayeoga anaivuta hadi mapafuni. Watafiti nchini Marekani walionyesha mwanzoni mwa miaka ya 2000 kwamba mifumo ya maji ya hospitali inaweza kubeba Aspergillus na Fusarium, na katika wodi ya wagonjwa waliopandikizwa uboho waligundua jambo la kutia moyo: kusugua sakafu za mabafu kabla ya wagonjwa kuoga kulipunguza ukungu hewani. Hiyo ni kazi ya brashi na sabuni, na hospitali yoyote ya wilaya inaiweza.

Kwetu wengi huoga kwa ndoo na kopo, na kwa njia hii hatari ni ndogo kuliko bomba la mvua. Hofu yangu kubwa iko wodini, kwenye vitu ambavyo havionekani kuwa ni maji ya kunywa hata kidogo: ile chupa ya kulowanisha oksijeni inayoning'inia ukutani, mashine ya mvuke ya wagonjwa wa pumu, beseni la kumwoshea mtoto njiti. Chupa ya oksijeni itiwe maji yaliyotakaswa kwa kazi hiyo, yamwagwe na kubadilishwa kila siku, na chupa yenyewe ioshwe na ikaushwe. Kuongezea maji ya bomba juu ya yaliyobaki jana ni kumpelekea mgonjwa utando wa jana moja kwa moja kifuani. Ukiwa unauguza ndugu, una haki ya kuuliza kwa upole: "Sista, maji ya chupa hii yamebadilishwa lini?"

Ndani ya tangi langu kuna uteute. Mweusi, wa pinki, au wa kijani. Ni fangasi?

Inategemea rangi, ingawa rangi peke yake haithibitishi.

Kijani ni mwani, na mwani unahitaji mwanga. Ukiuona, jua tangi lako linapitisha jua au mfuniko haukai sawasawa. Mwani si fangasi, lakini ukifa unakuwa chakula chao.

Pinki au rangi ya chungwa pembeni mwa beseni na kwenye mdomo wa koki mara nyingi ni bakteria aitwaye Serratia, au hamira ya jamii ya Rhodotorula. Wote wawili hula mabaki ya sabuni na mafuta ya mwili.

Mweusi, unaoshika mpira wa koki na mkunjo wa mfuniko, mara nyingi ndiyo fangasi wenyewe: wale wenye rangi nyeusi mwilini, ile melanini inayowakinga dhidi ya jua, joto na hata klorini. Mmoja wao, Exophiala, watafiti wa Slovenia walimkuta akiishi kwenye mipira ya milango ya mashine za kuoshea vyombo, ndani ya sabuni kali na maji ya moto. Kiumbe anayevumilia hayo hatatishwa na maji ya bomba yenye klorini kidogo. Huondolewa kwa kusuguliwa.

Tahadhari moja: weusi unaweza pia kuwa madini. Visima vingi vina manganizi na chuma, na vikikutana na hewa huacha doa jeusi au la kutu. Chukua kidogo kwa kidole. Ukiteleza kama kamasi ni kiumbe. Ukiwa chengachenga kama unga wa makaa, huenda ni madini.

Maji yananuka udongo au uvundo. Yana sumu?

Harufu ya udongo baada ya mvua na ile ya maji ya tangi hutokana mara nyingi na kemikali iitwayo jiosmini. Inatengenezwa na bakteria wa udongo, na mwani-bakteria wa mabwawani, na baadhi ya ukungu pia. Pua ya binadamu huinusa hata ikiwa sehemu chache kati ya trilioni. Jiosmini yenyewe haina madhara. Lakini harufu ikija ghafla kwenye maji ambayo jana yalikuwa sawa, kuna kitu kimebadilika kwenye chanzo au kwenye tangi, na kinastahili kutazamwa. Ikinuka mayai viza au choo, usinywe kabisa.

Kuchemsha kunaua fangasi?

Ndiyo. Hamira na spora za kawaida za ukungu hufa ndani ya dakika chache joto likifika nyuzi 60 hadi 70, na maji yakitokota yamevuka kiwango hicho kwa mbali. Zipo spora chache za aina ya pekee zinazostahimili joto zaidi, ambazo huwasumbua watengenezaji wa juisi, lakini siyo tatizo la kiafya kwenye maji ya nyumbani. Acha yatokote kwelikweli, si kutoa mvuke tu, kisha yapoe yakiwa yamefunikwa.

Maji mengi huharibika baada ya kuchemshwa. Yanamiminwa kwenye mtungi ambao haujasuguliwa tangu mwezi jana, kata inalala juu ya mfuniko, mtoto anachovya kikombe, na ndani ya siku mbili maji yale si yale tena. Mtungi wa udongo unapoza maji vizuri na sitaki mtu autupe. Ila una vinyweleo vinavyohifadhi unyevu, kwa hiyo usuguliwe kwa brashi, usuuzwe kwa maji yaliyochemka, uanikwe juani hadi ukauke kabisa kila wiki. Bora zaidi ni ndoo yenye koki chini na mfuniko unaobana, mikono isifike majini.

Na dawa ya klorini, kama WaterGuard au vidonge?

Itumie, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa, na subiri dakika 30. WHO inashauri maji yawe na angalau miligramu 0.5 za klorini huru kwa lita baada ya nusu saa hiyo, na kwenye koki ya mtumiaji isipungue 0.2. Kiwango hiki kinawaua bakteria wa kinyesi kwa haraka. Spora za ukungu ni sugu zaidi: zina ngozi nene, na zikijificha ndani ya utando, klorini huishia juu juu.

Maji ya tope humaliza klorini kabla haijafanya kazi. Yaache yatulie, yachuje kwa kitambaa safi, ndipo utie dawa. Shabu husaidia kutuliza tope. Mbegu za mlonge pia zinafanya kazi hiyo vizuri, lakini zinaacha majini mabaki ya mmea ambayo ni chakula cha vijidudu, basi maji ya mlonge yatiwe dawa au yachemshwe na yatumike siku hiyohiyo.

Chujio je?

Spora ya Aspergillus fumigatus ina upana wa maikromita 2 hadi 3, kubwa kuliko bakteria wengi. Chujio la udongo wa kauri linaloweza kuzuia bakteria litaizuia. Lakini spora zilizozuiwa hubaki palepale juu ya mshumaa wa chujio, kwenye unyevu, na chakula kinaletewa kila siku. Sugua mshumaa kwa brashi laini mtiririko unapopungua, na ubadilishe ukipata ufa.

Machujio ya mkaa yana hila yake: mkaa huondoa ladha mbaya na pia huondoa klorini, hivyo maji yanayotoka hayana mlinzi. Ukizidisha muda wa kubadilisha, chujio linageuka kitalu.

Sumukuvu inaweza kuwa ndani ya maji?

Baadhi ya ukungu wanaotengeneza sumukuvu, Aspergillus flavus akiwemo, wamewahi kukutwa majini, na kuna utafiti wa mwaka 1997 ulioripoti sumukuvu kwenye tangi la maji baridi lililokaa bila kutumika. Lakini majini sumu hiyo huwa imechanganyika sana hadi kiasi kuwa kidogo mno.

Sumukuvu inayotuua iko ghalani. Mwaka 2004, Makueni, Kitui na wilaya jirani nchini Kenya, watu 317 waliugua na 125 wakafa kwa kula mahindi yaliyoota ukungu. Mwaka 2016 Tanzania nayo ilizika watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara kwa sababu hiyohiyo. Kupika hakuiondoi. Kama una fedha ya jambo moja tu mwaka huu, nunua turubai la kuanikia mahindi na mifuko isiyopitisha hewa kabla hujanunua chujio la maji la bei kubwa.

Navuna maji ya mvua. Popo wanalala darini.

Kinyesi cha popo na ndege kwenye bati na mifereji ni shida mbili. Ya kwanza ni bakteria wanaoingia tangini. Ya pili ni fangasi aitwaye Histoplasma, anayestawi kwenye kinyesi cha popo na kuingia mapafuni kwa vumbi. Kwa hiyo usifagie dari kavu: lowanisha kwanza, vaa barakoa nzito, watoto wakae mbali. Maji ya mvua ya kwanza baada ya kiangazi yamwagike nje, wavu mdogo ukae mdomoni mwa tangi, na matawi yanayoinamia paa yakatwe.

Nisafisheje tangi?

Kila miezi sita, na mara moja baada ya mafuriko au kukatika kwa maji kwa muda mrefu. Toa maji yote. Sugua kuta, sakafu na upande wa ndani wa mfuniko kwa brashi ngumu na sabuni, na usiruke mpira wa koki wala bomba la kutolea, maana huko ndiko uteute unakojificha. Suuza, mwaga.

Kisha jaza robo ya tangi, tia klorini ya unga yenye nguvu ya asilimia 65 hadi 70, gramu 80 kwa kila lita 1,000 za ujazo wa tangi, halafu lijaze hadi juu. Ukitumia klorini ya maji, ile ya kung'arishia nguo nyeupe, ya asilimia 3.5 isiyo na manukato, ni takriban lita moja na nusu kwa lita 1,000. Fungua koki zote hadi usikie harufu ya klorini, zifunge, acha saa 24. Maji hayo hayanywewi na hayamwagwi kwenye bwawa la samaki. Yatoe yote, suuza, ndipo ujaze maji ya kutumia.

Usichanganye klorini na dawa ya chooni au siki. Hutoa gesi inayochoma mapafu. Na usiingie peke yako kwenye tangi la chini ya ardhi. Hewa ya humo inaweza kukosa oksijeni, na mara nyingi anayeshuka kumwokoa wa kwanza naye hufa. Fungua mfuniko mapema, ingia ukiwa umefungwa kamba, na juu wabaki watu wenye nguvu ya kukuvuta.

Kwenye chupa ya maji ya dukani nimeona kitu kama pamba kinaelea.

Huo ni ukungu. Usinywe, rudisha dukani na chupa yake na namba ya toleo. Chupa za lita 18.9 za ofisini nazo zisikae juani, na mashine yake ioshwe kila chupa kadhaa, hasa lile tundu la juu na trei ya chini.

Mbona maji yanapimwa bakteria, fangasi hawapimwi?

Kwa sababu ushahidi wa kuweka kipimo kimoja cha dunia haujatosha, na kwa sababu kipimo chenyewe ni kirefu. E. coli, ambaye hatakiwi kuonekana hata mmoja katika mililita 100, hujulikana ndani ya siku moja. Fangasi huoteshwa siku tano hadi saba au zaidi, na kumtambua ni nani kunahitaji mtaalamu. WHO haijaweka kiwango cha fangasi kwenye mwongozo wake wa maji ya kunywa. Sweden ni miongoni mwa nchi chache zilizowahi kuweka: fangasi 100 kwa mililita 100, kama alama ya kuonya.

Kwa nyumba ya kawaida sioni sababu ya kulipia kipimo cha fangasi. Kwa wodi ya saratani, ya watoto njiti au ya kusafisha figo, naona kuna sababu, na naamini mahospitali yetu ya rufaa yanapaswa kuanza.

Nikitaka kupima, niende wapi?

Tanzania, maabara za ubora wa maji za Wizara ya Maji na Mkemia Mkuu wa Serikali hupokea sampuli. Piga simu kwanza uulize kama wanaotesha fangasi. Kijijini, anza na chombo cha watumia maji na afisa afya wa kata. Kenya, anza na afisa wa afya ya umma wa kaunti. Omba chupa iliyotakaswa kutoka maabara, na kama maji yana klorini waambie, ili waweke dawa ya kuizima. Futa koki, acha maji yatiririke dakika mbili tatu, kinga bila kugusa mdomo wa chupa, weka kwenye kasha la barafu, na ifike maabara siku hiyohiyo.